Kufuzu Formula 1 Abu Dhabi 2021: kwa nini Verstappen alianza na tairi laini?

Lami_Moto:
Wakuu, nisaidieni hapa. Verstappen alishika nafasi ya kwanza kwa 1:22.109, Hamilton akamfuata kwa 1:22.480. Siku ya mbio Verstappen kaanza na tairi nyekundu (laini), Hamilton njano (ya kati). Red Bull, timu ya Verstappen, walipanga au walikwama?

PitiNamba1:
Walikwama. Sheria ya wakati ule: ukiingia kumi bora, unaanza mbio na seti ileile uliyopatia muda wako bora kwenye Q2 (awamu ya pili ya kufuzu). Verstappen alikuwa amevaa njano, akabana breki kupita kiasi kona ya kwanza. Gurudumu la mbele likagoma kuzunguka huku gari bado linakimbia, tairi ikasagika sehemu moja. Ikishakuwa na bapa, tairi inapiga kila ikizunguka, usukani unatetemeka, na saspensheni (vyuma vinavyoshikilia gurudumu) inaumia. Mfano ni dereva Räikkönen, mbio za Nürburgring 2005: bapa lilitetemesha mpaka saspensheni ikakatika mzunguko wa mwisho, naye ndiye aliyekuwa anaongoza! Kwa hiyo Red Bull walimvalisha nyekundu kabla Q2 haijaisha, akapiga muda mzuri zaidi, na ile seti mbovu ikawekwa kando.

Bakora_ya_Kona:
Watengeneza tairi Pirelli walipeleka C3, C4 na C5 (namba ikipanda, tairi ni laini zaidi), laini kuliko zote walizokuwa nazo. C5 ndiyo nyekundu: inashika lami vizuri wakati wa kuondoka, ila inachoka mapema. Ajabu ni kwamba mwenye njano ndiye aliyeondoka vizuri na kuongoza tangu kona ya kwanza. Verstappen akaingia piti kubadili tairi mzunguko wa 13, Hamilton wa 14, wote wakavaa ngumu. Maana yake Mercedes, timu ya Hamilton, hawakuitumia njano kukaa nje muda mrefu, walimjibu mpinzani tu. Hamilton akabaki na ngumu hizohizo hadi mzunguko wa 58, wa mwisho, na gari la usalama (linalopunguza kasi ya wote) lilipotoka mwishoni, Verstappen akavaa nyekundu.

Lami_Moto:
Asante mkuu. Sheria hiyo bado ipo? Na ile tofauti ya 0.371 ilitokana na tairi?

PitiNamba1:
Ilifutwa kuanzia msimu wa 2022, sasa kila mmoja anachagua ya kuanzia. Lami ikiwa kavu, kutumia aina mbili tofauti bado ni lazima. Kuhusu 0.371, tairi haihusiki, Q3 (awamu ya mwisho ya kufuzu) wote wawili walikuwa na nyekundu. Pérez, mwenzake wa Red Bull, alitangulia mbele ya Verstappen akimkatia upepo kwenye mstari mrefu. Sehemu ya muda ule ni zawadi ya Pérez.