Ukoo wa Mzee Omari: ile gemu ya karata

Rukia: Asalaam aleikum ukoo. Salim, ile gemu uliyonielekeza nimeianza jana, Cultist Simulator. Nina mengi ya kusema.

Salim (Birmingham): Waaleikum salaam dada. Umefika wapi?

Rukia: Nimekufa mara moja. Njaa, halafu ugonjwa.

Shangazi Mwajuma: Kufa tena? Maneno gani hayo asubuhi yote hii

Rukia: Shikamoo shangazi. Ni mhusika wa kwenye gemu ndiye aliyekufa, mimi mzima.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi.

Hamza: Dada ni ya kupigana?

Rukia: Hapana. Ngoja nieleze. Unafungua unakuta meza. Hakuna mji, hakuna uwanja, ni meza tu. Juu yake kisanduku kimoja kimeandikwa Kazi, na karata moja ya kibarua cha hospitali. Hakuna anayekwambia ufanye nini, wala mshale wa kukuonyesha pa kubonyeza. Unaikokota karata, unaitia kisandukuni, saa inahesabu, ikiisha unachukua ujira wako. Baadaye visanduku vingine vinazuka vyenyewe: Ndoto, Kusoma, Kuzungumza, Kutembea. Karata nazo zinaongezeka. Afya yako ni karata. Akili ni karata. Fedha ni karata. Mtu uliyefahamiana naye ni karata, kitabu ulichonunua ni karata, hata hofu uliyoipata ndotoni ni karata, inakaa pale mezani na wewe.

Rukia: Na kuna kisanduku kimoja huwezi kukizima. Hicho ni Muda. Kila dakika moja kinameza Fedha moja. Kisipoipata, njaa. Njaa inaigeuza Afya kuwa ugonjwa, na ugonjwa usipotibiwa, kwaheri.

Bamdogo Athumani: Unacheza na nani?

Rukia: Shikamoo bamdogo. Peke yangu. Mpinzani ni hiyo saa.

Bamdogo Athumani: Marahaba. Karata za peke yako sizijui mimi. Karata ni wanne, wawili kwa wawili.

Shangazi Mwajuma: Mimi naona jina tu hapo. Cultist ni mambo ya vikundi vya kishetani? Rukia mwanangu hebu tuambie vizuri, watoto wapo humu.

Rukia: Shangazi, nitakwambia kama ilivyo, sitaficha. Ndiyo, hadithi yake ni ya mtu wa miaka ya 1920 anayetafuta elimu iliyofichwa na kuanzisha kikundi cha siri. Kuna viumbe wanaoitwa Saa, wanatawala ulimwengu wa ndotoni, na huko ndotoni kuna jumba lenye milango unayoipita mmoja baada ya mwingine. Lakini vyote vimetungwa na waandishi wa gemu. Sijakuta dua ya kweli, wala jina la jini linalojulikana, wala kitu cha kusoma kwa sauti. Nilikuwa macho kwa hilo tangu mwanzo kwa sababu lilinitia wasiwasi mimi mwenyewe.

Salim (Birmingham): Nathibitisha shangazi. Studio ni ndogo, inaitwa Weather Factory, ya London. Walichangisha pesa mtandaoni 2017, gemu ikatoka Mei 2018, na 2019 ikateuliwa kuwania tuzo za BAFTA za Uingereza. Sifa yake kubwa ni uandishi na ule ujasiri wa kutomfundisha mchezaji chochote.

Bamdogo Athumani: Kwa hiyo ndizo zile karata za ramli za Wazungu? Tarot?

Salim (Birmingham): Sizo bamdogo. Zina sura ya kufanana, ila hapa hakuna ramli, unapanga tu karata kwenye visanduku. Lakini umegusa jambo ninalolipenda sana. Tarot zenyewe hazikuanza kama ramli. Zilianza kaskazini mwa Italia karne ya 15, zikiwa karata za kuchezea. Jumla 78: 56 za kawaida zenye rangi nne kama hizi zetu, na 22 za picha, 21 kati yake zikiwa turufu.

Bamdogo Athumani: Turufu kabisa? Ya kukatia?

Salim (Birmingham): Ya kukatia. Ufaransa wanaicheza mpaka leo hivyohivyo. Mambo ya kubashiria yalipata nguvu Ufaransa kwenye miaka ya 1780, zaidi ya miaka mia tatu baada ya karata kuwepo. Kisha London mwaka 1888 wakaanzisha chama cha siri cha elimu iliyofichwa, Golden Dawn, kilikuwa na wasomi na wasanii ndani yake. Mwanachama mmoja, mchoraji Pamela Colman Smith, ndiye aliyechora zile tarot zilizotoka 1909 ambazo dunia nzima inazijua sasa. Mazingira ya gemu hii ni ya watu wa namna ile: vyumba vyenye mapazia, vitabu adimu, minada, watu wa heshima mchana na mambo mengine usiku.

Bamdogo Athumani: Ahsante, hilo sikulijua. Huku kwetu karata ni karata, na ramli ni mchanga na kitabu. Hazikuwahi kukaa meza moja.

Shangazi Mwajuma: Na zote mbili marehemu baba alizikataza.

Bamdogo Athumani: Ramli alikataza. Karata alikuwa anacheza albastini pale Ngamiani mpaka adhana ya magharibi, Mwajuma, usimsingizie.

Shangazi Mwajuma: Haya tumuache apumzike, Mungu amrehemu.

Rukia: Amin. Sasa nirudi kwenye kilichonishika, maana sijakisema. Gemu inakuahidi siri za ulimwengu usioonekana, halafu inakulaza na njaa. Unataka kujisomea, lakini Akili unayohitaji kwa kisomo ndiyo hiyohiyo inayotakiwa ofisini. Ukiipeleka kazini, saa inakwenda, kisomo kinakaa. Ukiibakiza nyumbani usome, mshahara haupo, Muda unakuja kudai. Wakati wote nikicheza nilihisi kile kisomo cha usiku cha mtu anayefanya kazi mchana. Hakuna maelezo marefu kuhusu umaskini, saa peke yake imeyasema.

Fatuma: Dada Rukia hapo umenigusa 😢 mimi na CPA yangu ya uhasibu

Rukia: Najua mdogo wangu. Nilikukumbuka.

Hamza: Kwa hiyo unashindaje?

Rukia: Sijashinda Hamza. Njia ni nyingi, nimeona mwanzo wake tu. Kinachonivutia ni namna ya kushindwa. Kuna karata mbili za hatari. Hofu, na nyingine niite Kuvutwa, yaani roho imetekwa na yale unayoyaona mpaka unasahau duniani. Mara kwa mara kinazuka kisanduku cha Kukata Tamaa, kinaanza kukusanya Hofu zako. Zikitimia tatu umekwisha. Kingine ni cha Maono, hicho kinakusanya Kuvutwa, nazo zikitimia tatu umekwisha, umeiacha dunia. Sasa sikia: kwenye Maono, karata inayokuokoa ni Hofu. Ile uliyokuwa unaikimbia. Aliyeogopa kidogo hapotei kwenye maono. Nilipogundua hilo niliweka simu chini kwanza. Hakuna aliyeniambia, niliigundua kwa kuiweka pale nione.

Salim (Birmingham): Na hiyo ndiyo raha yake yote. Usiende kutafuta majibu mtandaoni dada, nakuomba.

Rukia: Siendi. Lakini malalamiko ninayo. Kwenye simu maandishi ni madogo, na meza ikijaa karata unatafuta moja mpaka saa inaisha. Halafu kuna sehemu unarudia kazi ileile, kokota, subiri, chukua, kokota tena, dakika nyingi bila kitu kipya kusomwa. Najua inatakiwa ichoshe, maana kazi inachosha, lakini nahisi wangeweza kupunguza bila kuharibu. Na maandishi yote Kiingereza kizito. Fatuma atafurahi, Hamza atahitaji kamusi.

Hamza: Nina kamusi 😅 Mama naweza?

Shangazi Mwajuma: Salim wewe umeicheza yote. Mtoto wa miaka 13, ndiyo au hapana? Jibu la kweli.

Salim (Birmingham): Hapana shangazi, bado. Mwanzoni ni kama dada alivyosema, kazi na njaa na ndoto. Lakini ukiendelea, kikundi chako kinapata wafuasi, na mchezo unakuruhusu kuwatoa kafara. Pia polisi wanaofuatilia ushahidi wako unaweza kuwatumia watu wawadhuru. Hakuna picha za damu, ni maandishi, lakini maandishi yake yanakaa kichwani. Mimi nilisimama nikafikiri kabla ya kumtoa yule msichana aliyekuwa ameniamini tangu mwanzo wa kikundi.

Fatuma: Ulimtoa?

Salim (Birmingham): Sikumtoa. Nikapoteza gemu.

Shangazi Mwajuma: Umefanya vyema. Hamza umesikia.

Hamza: Nimesikia mama.

Rukia: Nashukuru umesema Salim, sijafika huko. Hamza, nitakutafutia nyingine ya karata tucheze wote wawili.

Bamdogo Athumani: Mlete kwangu Jumamosi nimfundishe kuhesabu turufu zilizotoka. Hiyo haina kafara.

Fatuma: Mimi naitaka. Ipo ya simu?

Salim (Birmingham): Ipo tangu 2019. Unalipa mara moja, hakuna matangazo.

Rukia: Fatuma, la kwanza: kuna kitufe cha kusimamisha saa. Kitumie bila aibu. Simamisha, soma kila karata, kisha endelea. La pili, ukipata karata ya Kuridhika usiitumie ovyo, maana ndiyo inayozuia Kukata Tamaa. La tatu, ukifa usifunge. Unachagua maisha mengine, na aliyetangulia anaacha alama. Mimi sasa nimechagua daktari, na mgonjwa niliyekabidhiwa anasimulia ndoto zilezile alizokuwa anaota mhusika wangu wa kwanza.

Fatuma: Eeh! Naishusha sasa hivi

Shangazi Mwajuma: Baada ya mtihani wa CPA Fatuma.

Fatuma: Sawa shangazi. Baada ya mtihani.