Shokapu za kurekebisha kwa Prado 95: za nobu, Koni, au nibaki na za kawaida?

Mwenda_Natron
Wadau habari za saa hizi. Nina Prado 95 ya injini ya dizeli 1KZ, naenda nayo Natron mara mbili tatu kwa mwezi, Arusha, Mto wa Mbu, Engaruka, nafika. Nabeba wageni na vitu vya kambi, kurudi mara nyingi niko tupu. Kwenye lami sina neno, ila ukishaacha lami pale Mto wa Mbu zile rasta za vumbi zilizojikunja kama bati zinaniua, gari inatetemeka mpaka dashibodi inalia, na kona ikiwa na kokoto kidogo matako ya gari yanahama yenyewe. Mgeni mmoja mama mtu mzima alishuka kashika mgongo, iliniuma sana aisee.

Shokapu ni za kawaida zina miaka minne, nataka kubadili. Nimewaza hivi, nichukue tena za kawaida kama KYB nimalize, au zile za nobu za hatua 9 kama Rancho RS9000XL au Tough Dog unazungusha kwa mkono, au Koni ambazo nazo zinarekebishwa. Bei zimepishana sana ndo maana nauliza, hiyo hela ya kurekebisha inalipa kweli au ni mbwembwe? Na ukishakuwa nazo unaziweka hatua ya ngapi, mbele ngapi nyuma ngapi? Mimi nilikuwa nawaza nikaze tu zote ziwe ngumu gari itulie.

Fundi_Spana17
Mkuu usikaze. Hilo ndo kosa ninaloliona kila wiki gereji, mtu gari inatetemeka kwenye rasta anadhani shokapu ni laini anaweka ngumu zaidi, anarudi analia zaidi.

Kabla ya kununua chochote nenda kaangalie yaliyopo. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu uachie, ikipanda na kutulia sawa, ikidunda mara mbili tatu hiyo imekwisha. Angalia na mafuta kwenye mwili wa shokapu, ukungu mwembamba wenye vumbi sio kesi ila ikiwa imelowa inachuruzika imekufa. Na kuna kipimo kingine watu hawakifanyi, ukitoka kwenye rasta ndefu simama ushike shokapu zote nne, taratibu usiungue, yenye kazi itakuwa ya moto, sasa ukikuta tatu za moto moja ya baridi basi hiyo moja imelala wenzake ndo wanaibebea. Shokapu kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, isiyopata joto haifanyi kazi.

Halafu bushi, zile raba za kwenye maungio. Bushi za nyuma za ile mikono ya chuma inayoshika ekseli ya Prado zikiisha ekseli inatembea kushoto kulia, utabadili shokapu za kila kampuni na matako yatahama vilevile.

Mama_Safari
Kaka na upepo je? Unaweka ngapi? Nauliza kwa sababu mimi nimeendesha wageni Ngorongoro kwenda Naabi miaka, jibu la kwanza huwa liko kwenye tairi.

Mwenda_Natron
Dada naweka PSI 40 zote nne, kwa sababu ya mzigo.

Mama_Safari
Basi hapo tumeshapata nusu ya ugonjwa. 40 kwenye vumbi tairi inakuwa jiwe, kila mkunjo inauruka badala ya kuumeza, na tairi ikiwa hewani haishiki chini ndo maana kona inakutoka. Mimi nikiacha lami nashusha mpaka 28 gari ikiwa na mzigo wa kawaida, napunguza na mwendo maana tairi laini ukikimbiza inachemka, nikirudi kwenye lami najaza kwa kampresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri. Dakika kumi tu. Jaribu hilo safari moja kabla hujatoa hela ya shokapu, hutajuta.

Eng_Kisima
Naomba niongezee kwa nini kukaza kunaharibu, maana watu wanaambiwa tu usikaze hawaambiwi sababu.

Shokapu inafanya kazi mbili tofauti. Tairi ikigonga kitu ikapanda juu, shokapu inabanwa, hiyo ni kazi ya kwanza. Springi ikishabanwa inataka kurudi kwa fujo, shokapu inaizuia irudi polepole, hiyo ya pili, na kwa kawaida shokapu inatengenezwa iwe ngumu zaidi kwenye kurudi kuliko kwenye kubanwa. Sasa chukua rasta, mkunjo mmoja baada ya mwingine haraka haraka. Ukiwa umekaza sana kurudi, tairi inapanda mkunjo wa kwanza, kabla haijashuka vizuri mkunjo wa pili umefika, inapanda tena kutokea pale juu, wa tatu hivyo hivyo, gari inazidi kuzama yenyewe mpaka inakaa kwenye zile raba za kugotea. Pale huna springi tena, unaendesha mkokoteni. Wewe ndani unasikia ugumu unasema nikaze zaidi, kumbe inatakiwa ulegeze ili tairi ishuke haraka ifuate ardhi.

Ukilegeza kupita kiasi nako utajua, gari itaelea kama mtumbwi, ukivuka tuta inapanda inashuka inapanda tena. Kwa hiyo unachotafuta ni ile sehemu laini kabisa ambayo bado gari inatulia kwa mpando mmoja. Kwenye shokapu za nobu unaanzia katikati, 5, unashuka hatua moja moja.

Boy_Wa_Forester (Nairobi)
Sasa mimi niko upande wa lami, nina Forester na coilover za Tein, yaani shokapu na springi kipande kimoja, zenye kliki 16, hatua za kurekebisha. Kitu kimoja nimejifunza, usihesabu kliki ukianzia kwenye laini. Funga polepole upande wa ngumu mpaka ikatae, bila nguvu usivunje kisindano cha ndani, halafu rudi nyuma ukihesabu, 5, 8, 10. Hapo ndio unajua uko wapi na kushoto na kulia ziko sawa. Mimi nilikuwa na moja 6 na ingine 9 mwezi mzima bila kujua, gari inapinda kona ya kushoto vizuri ya kulia inagoma, nikalipa alaimenti mara mbili bure.

Na usibadilishe mbele na nyuma siku moja, utachanganyikiwa. Chagua kipande cha barabara kimoja, mwendo uleule, upepo uleule, badilisha kliki mbili nyuma tu, pita, andika kwa simu. Ukikaza nyuma kuliko mbele gari inageuka haraka lakini matako yanakuwa mepesi kutoka, ukikaza mbele inakuwa mvivu kuingia kona. Kwa kazi ya mleta mada ningelegeza nyuma kwanza.

Fundi_Spana17
Umesema kweli kaka wa Nairobi. Sasa nirudi kwenye swali lenyewe la Koni na nobu, maana hapa kuna jambo la mfuko. Koni nyingi za aina ile ya kurekebisha ukiwa umeitoa, lazima uifungue kwenye gari, uibane mpaka chini kabisa isikike imeshika, ndo uzungushe. Shokapu nzuri sana kwa kuvumilia na rekebisho lenyewe ni la ule upande wa kurudi, lakini Prado 95 mbele shokapu iko ndani ya springi, kuitoa ni kazi ya kibanio cha springi na nusu siku. Nyuma iko peke yake boliti mbili, rahisi. Kwa hiyo Koni ni ya mtu anayetafuta sehemu moja anaiacha hapo miaka, kila shokapu inapoanza kuchoka ndo anaizungusha kuikaza kidogo. Wewe unayekwenda na mzigo unarudi mtupu huwezi kufungua shokapu Natron.

Za nobu unainama tu unageuza. Ila zioshe, matope yakikaukia pale kwenye nobu inagoma, haijalishi kampuni gani.

Kijana_wa_VX
Mbona hamjasema TEMS, ule mfumo wa Toyota wa shokapu zinazorekebishwa kwa umeme? Walianza kuuweka kwenye gari yao ya Soarer mwaka 1983, shangingi langu la Land Cruiser 100 linao, swichi iko ndani unachagua kutoka laini mpaka ngumu ukiwa unaendesha, na kompyuta inajirekebisha yenyewe. Raha yake kwenye lami hakuna mfano.

Mama_Safari
Raha ipo mdogo wangu, nimeendesha. Ila porini ikianza kuvuja spea inagharimu, wengi nawajua wametoa mfumo wote wakaweka springi na shokapu za kawaida. Kama gari imekuja nayo nzima itunze, kuitafuta kwa kazi ya Natron hapana.

Dereva_Boda_Moro
Samahani wakuu nachomekea, sisi wa Boxer ile pete ya chini ya shokapu ya nyuma yenye ngazi ndo hiyo hiyo? Nikipakia abiria wawili nakaza ngazi ya juu.

Eng_Kisima
Hapana ndugu, hiyo ni tofauti na watu wengi wanachanganya. Pete ile inabana springi ianzie juu zaidi, pikipiki isikae chini sana ukipakia. Haifanyi springi kuwa ngumu zaidi na haigusi mafuta ya ndani. Unafanya sawa kupandisha ukipakia, ila ukishusha abiria rudisha, la sivyo ukiwa peke yako itakurusha. Na pande zote mbili ngazi ileile. Kipimo chepesi, ukikaa juu yake shokapu izame kama theluthi moja ya nafasi yake yote ya kubanwa.

Mwenda_Natron
Nimerudi na majibu, nimechelewa kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Safari iliyopita sikubadili kitu ila upepo, 40 kwenda 28. Dashibodi imenyamaza kwa sehemu kubwa, sikuamini. Kona bado matako yalikuwa yanahama, nikashika shokapu kama fundi alivyosema, nyuma kulia baridi kabisa. Gereji wakakuta na bushi mbili zimeliwa.

Nimeamua nyuma nimeweka za nobu, mbele za kawaida mpya, hela imebaki ya bushi. Nilianza 5, nikashuka 4, 3. Kwenye 2 ilianza kuelea pale kwenye makorongo kabla ya Engaruka. Sasa nikiwa tupu 3, nikiwa na wageni wanne na mizigo 5, na 6 nikipanda na maji ya kambi. Ngumu kuliko hapo sijaona faida.

Fundi swali moja, nyuma nasikia kama inalia kwik kwik nikipita tuta, shokapu ni mpya.

Fundi_Spana17
Walikaza boliti ya chini gari ikiwa juu ya jeki. Bushi ya raba ikikazwa gari ikining'inia inajisokota siku ukiishusha, inalia na inakufa mapema. Legeza boliti zote za bushi, za shokapu na za mikono, gari ikae chini kwa tairi zake, itikise mara mbili, ndo ukaze. Ukimaliza rudi utuambie kama imenyamaza.