Naomba ushauri: Hilux ya zamani, niweke oili ya 15W-40 au 20W-50?

Wadau, habari zenu. Nina Toyota Hilux ya dizeli, injini ya Toyota iitwayo 3L (ni jina la injini, si lita tatu) isiyo na tabo. Inabeba viazi kutoka Molo hadi Kisumu, na ndiyo inayolisha nyumba yangu, kwa hivyo sitaki kubahatisha.

Shida ni kwamba oili inapungua. Chini ya gari sioni tone, lakini nikiwasha asubuhi ekzosi inatoa moshi wa samawati, kisha unaisha injini ikishapata moto. Wakati wa kurudi, nikipanda Kericho, unaonekana tena.

Siku zote naweka 15W-40 ya dizeli (namba hizo ni za uzito wa oili; 20W-50 ni nzito zaidi). Fundi mmoja hapa Nakuru ananishauri nihamie 20W-50, eti ringi za pistoni zimelika na oili nzito itapunguza moshi. Mwingine anakataa kabisa: kwa baridi ya Molo alfajiri, oili nzito itachelewa kufika juu kwenye kemshafti, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazokula injini. Naona huyu wa pili ana hoja, ingawa jua la Ahero, kule chini karibu na Kisumu, nalo si mchezo, na joto huilainisha oili.

Je, nipime kompresheni kwanza, ama nianze na sili za valvu? Na mkebe ulioandikwa CI-4 (daraja la ubora wa oili ya dizeli) unaifaa injini ya umri huu kuliko CF-4, daraja la zamani zaidi? Aliye na 3L kwenye barabara hizi aniambie anaweka ipi, na anabadilisha baada ya kilomita ngapi.