Peke yako kwa tanga kutoka Tanga, safari ya siku mbili: Manza au Pangani?

Mkazi wa Moshi: Wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nina mashua ya tanga ya mita 6 iliyohifadhiwa Tanga, na Januari, kaskazi (upepo wa msimu utokao kaskazini-mashariki) ikivuma, ninakusudia kusafiri peke yangu Jumamosi hadi mahali palipokingika na mawimbi, nilale hapo, kisha nirudi Jumapili ili Jumatatu niwe kazini. Nimebaki na njia mbili: kaskazini hadi ghuba ya Manza, kama maili 12 za baharini, au kusini hadi Pangani, zaidi ya maili 25. Uzoefu wangu mwingi ni wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako maji hayapwi wala hayajai.

Njiro: Manza. Kwenda utabisha, yaani utakwenda kwa kupindapinda, dhidi ya kaskazi ukiwa bado na nguvu, na kurudi utasukumwa na upepo huohuo. Pangani ni kinyume chake: utashuka kwa raha Jumamosi, halafu Jumapili ubishe maili 25 ukiwa umechoka, huku basi la Moshi halitakungoja. Zaidi ya hayo, Manza ina kina na kinga ya kutosha. Aprili 1915 meli ya Wajerumani Rubens, iliyokuwa imebeba silaha, ilikimbilia humo ilipofukuzwa na meli ya kivita ya Waingereza.

Mpare wa Pwani: Ndugu Njiro anaisahau faida moja ya Pangani. Kwenye bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwandamo) maji hujaa pwani hii karibu saa kumi jioni, na ndiyo saa ambayo mashua iliyotoka Tanga alfajiri ingefika, kwa hiyo fungu la mchanga lililo mdomoni mwa mto litakuwa limefunikwa vizuri. Pangani kuna maduka na watu, ilhali Manza utazungukwa na mikoko.

Baharia Mstaafu, Soweto (Moshi): Hoja ya maji kujaa ni ya kweli, lakini ina nusu yake ya pili. Kuingia karibu kila ghuba ya pwani hii ni kuelekea nchi kavu, yaani magharibi, na saa kumi jioni jua linakupiga machoni. Miamba ambayo saa tano ungeiona kwa rangi yake ya kahawia huwezi kuitofautisha na kivuli cha wingu, na peke yako huna mtu wa kusimama omoni, mbele ya mashua, akuangalilie. Upepo wa baharini nao huwa mkali saa hizo, na maji ya mto yakianza kutoka yakakutana nao, mawimbi huvunjika pale mdomoni. Ukichelewa kidogo, umebakiwa na giza.

Sasa itazame bamvua hiyohiyo kwa safari ya Manza. Maji yaliyojaa karibu saa kumi alfajiri yanapwa hadi karibu saa nne, kwa hiyo ukiondoka saa kumi na mbili unusu yanakutoa ghubani Tanga pamoja na umande unaovuma kutoka nchi kavu. Ukifika Manza saa tano au saa sita, miamba bado iko wazi, jua liko juu, na maji yameanza kurudi. Ukigusa fungu maji yanapojaa, yatakuinua. Ukiligusa yanapopwa, utalala hapo hadi yarudi. Mimi ningechagua Jumamosi iliyo karibu na mwezi mpevu au mwandamo, kisha ningesoma jedwali la maji la Tanga na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kukata tiketi.

Mkazi wa Moshi: Shikamoo Mzee, nimeelewa. Je, amari (kamba ya nanga) iwe na urefu gani?

Baharia Mstaafu, Soweto (Moshi): Marahaba. Hesabu kina cha maji yakiwa yamejaa, si cha wakati unapotia nanga. Penye mita 3 maji yakiwa yamepwa kabisa, bamvua inaweza kukupa mita 6 na nusu jioni, na amari ya mara tano ya hapo ni zaidi ya mita 32. Tia nanga kwenye mchanga au tope, kamwe si juu ya matumbawe. Na ukiwa baharini vaa jaketi la kuokolea na ujifunge kamba fupi kwenye mashua, kwa sababu ukianguka, mashua haitageuka kukufuata.

Njiro: Pia mwachie mtu wa Tanga saa ya kuondoka, njia na saa ya mwisho ya kumpigia simu.