Naomba ushauri: siga za Kuba zinastahili sifa zake?

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa siga.

Baba mkwe wangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao, na tangu nimfahamu ndoto yake ni siga ya Kuba. Nimejichanga nimnunulie boksi la siga 25. Ila kabla sijatoa hela nyingi hivyo, nilionja mbili ambazo rafiki yangu alizinunua dukani Havana.

Ya kwanza ilinikatisha tamaa. Nilivuta mpaka mashavu yakauma, moshi ukatoka uzi mwembamba tu, na ilizimika mara tatu. Nikahisi imefungwa kwa kukazwa mno. Ya pili nikaiweka miezi miwili kwenye kasha lenye unyevu wa asilimia 65. Hiyo ilivutika, na ladha yake, kama ya mbao na kahawa, sijaisahau hadi leo.

Wiki iliyopita nikajaribu ya Nicaragua, kutoka Estelí, kwa nusu ya bei. Imeviringishwa vizuri, majivu yalishikana mpaka karibu nusu. Na najua wakulima wengi wa tumbaku waliondoka Kuba baada ya mapinduzi ya 1959, wakaendeleza kazi yao nchi nyingine.

Sasa nimekwama. Je, kubana kule ni bahati mbaya ya siga moja, au ni jambo la kawaida kwa za Kuba? Na kwa mzee anayeitamani Kuba yenyewe, mngenunua ipi?

Natanguliza shukrani.