Denzel na Oscar ya askari mbaya: alituzwa au alitukanwa?

Mkanda Mmoja: Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Denzel Washington miaka yote alicheza watu wa kusimama na haki: Steve Biko mwaka 1987, Malcolm X mwaka 1992, yule bondia Hurricane Carter mwaka 1999. Kwa wote hao hakupata Oscar. Akaja akacheza Alonzo Harris kwenye Training Day, askari wa kitengo cha dawa za kulevya anayeiba na kuua, na Machi 2002 wakamkabidhi ya mwigizaji bora. Mimi nasema walikuwa wanamsubiri mweusi awe jambazi ndipo wampigie makofi. Mnaonaje?

Binti Tanga: Mbona Glory umeiruka? Pale alipata Oscar tangu 1990, na yule Trip ni mtumwa aliyetoroka akajiunga na jeshi, si jambazi. Anachapwa viboko, chozi linamtoka, mdomo haufungui. Usifiche kinachokubana.

Mkanda Mmoja: Ile ilikuwa ya mwigizaji msaidizi. Soma kwanza ndipo ujibu.

Binti Tanga: Nimesoma, kaka. Naona msaidizi kwako si mtu.

Chalii wa Juu: Malcolm X si alichukua lakini? Nakumbuka kama alichukua.

Mwanamvita: Hakuchukua. Mwaka ule alipewa Al Pacino, kwa yule kipofu wa Scent of a Woman. Lakini mimi naona mleta mada amekosea mlango. Denzel kwenye Training Day hakubadilika hata chembe. Tabasamu ni lile lile, sauti ile ile, ndiyo maana alitupata. Anamlazimisha yule kijana wake, Ethan Hawke, kuvuta bangi iliyotiwa kitu kingine ndani ya gari, na wewe mtazamaji unajiambia mzee ana sababu zake, anampima. Wangemweka mtu mwenye sura ya uhalifu, tungemjua kabla hajamaliza chai. Haya mambo yataka utulivu lakini, si kuangalia kwenye mabanda huku mtafsiri akipiga kelele juu ya sauti.

Mzee wa Benchi la Mbele: Nilikuwa napita tu, ila hapo mwisho umenigusa, bibie. Sisi wa kibanda umiza ndio tuliopigwa na ile filamu sawasawa. Kibandani kwetu mtafsiri alishatangaza tangu mwanzo: "Huyu ndiye steringi wenu, Denzeli." Basi kila alipofanya ushenzi tulimtetea. Anapora hela ya rafiki yake mwenyewe, watu wanasema anawatega wabaya huyo, subirini. Warusi walipommiminia risasi kwenye gari, ukumbi mzima ulinyamaza, kisha jamaa mmoja akasimama mbele ya tivii akadai mkanda haujaisha, mwenye banda kaficha sehemu ya pili. Zilibaki sekunde chache benchi livunjwe. Sasa niambie nani alidanganywa na Denzel zaidi, sisi au nyie wenye viti vya sponji?

Chalii wa Juu: Steringi hafi 😂😂

Mwanamvita: Sikumtukana mtu, baba. Nilisema kelele.

Mzee wa Benchi la Mbele: Ulisema mabanda.

Kona ya Forodhani: Watafsiri tuwaache kwa amani, ingawa wa kwetu alikuwa akiwafanya Wachina wagombane kwa bei ya sukari. Nyie mnaongelea Marekani tu. Shah Rukh Khan mnayemlilia kwa mapenzi alianza na ubaya. Mwaka 1993 katika Baazigar anamsukuma msichana kutoka juu ya ghorofa, na mwaka huo huo akacheza Darr. Mapenzi yalimganda 1995 kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge. Humo humo yumo Amrish Puri, yule aliyezoeleka kwa ubaya, Mogambo mwenyewe wa Mr. India, kawa baba wa bibi harusi. Treni inaondoka, kamshika binti mkono, mchumba yuko mlangoni anamnyooshea wake. Bibi yangu alishaanza kumlaani, kisha mzee akauachia mkono. Alimlaani hata hivyo, akasema ana lake jambo.

Mkanda Mmoja: Tunapotea. Swali ni weusi na tuzo.

Binti Tanga: Haya, nikusaidie. Forest Whitaker alizoeleka kwa watu wapole, wenye sauti ya chini. Kacheza Idi Amin, wakampa Oscar 2007. Hiyo ni ya kwako. Ila Jamie Foxx alikuwa mchekeshaji, akapewa 2005 kwa kumcheza Ray Charles. Huyo utamweka wapi?

Mkanda Mmoja: Ray Charles wa filamu ile alikuwa mtumia heroini. Usinichekeshe.

Binti Tanga: Kwa hiyo mweusi mwenye kasoro yoyote ni tusi? Basi unataka sanamu, hutaki mwigizaji. Na usiku ule wa 2002 Sidney Poitier alipewa tuzo ya heshima, naye alishaichukua ya mwigizaji bora mwaka 1964 kwa fundi aliyewajengea masista kanisa. Jambazi huyo?

Mkanda Mmoja: Kutoka 1964 hadi 2002 hesabu mwenyewe, halafu uniambie sina hoja.

Askari Mstaafu: Mmemtaja Amin. Mimi Kagera nilikwenda, na ile filamu inamfanya mtu wa kuchekesha mezani. Anacheza ngoma, anakumbatia watoto.

Binti Tanga: Shikamoo mzee. Ndiyo ubaya wenyewe ule, anakuchekesha ukiwa ndani ya nyumba yake.

Askari Mstaafu: Marahaba. Mimi sikucheka.

Mzee wa Benchi la Mbele: Mwanamvita hujanijibu. Ulipoingia kuangalia Training Day, ulijua Denzel ndiye mbaya?

Mwanamvita: Nilijua. Dadangu alinisimulia yote njiani.

Mzee wa Benchi la Mbele: Basi wewe utulivu ulikuwa nao, filamu hukuiona.

Mwanamvita: Na wewe uliona ya mtafsiri, si ya Denzel.

Chalii wa Juu: Kuna mwenye nayo ile iliyotafsiriwa? Anitumie, nataka nione wanavyotaka kuvunja benchi.

Kona ya Forodhani: Benchi halimo kwenye mkanda, kijana.