Tupeane uzoefu: kuingia kwenye desktopu ya mbali ukiwa nyuma ya proksi

Mwanzisha uzi
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu, niko Dar. Hesabu zote za ofisi yetu ziko kwenye desktopu iliyoko kwenye seva, tunaingia kwa RDP, njia ya Windows ya kutumia kompyuta iliyoko mbali. Nyumbani naingia bila shida. Shida ni nikiwa kwa mteja mmoja ambaye intaneti yake yote inapita kwenye proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi ya watu na kuyapeleka nje. Kurasa zinafunguka, barua pepe zinakwenda, lakini desktopu inazunguka weee, mwisho inasema kompyuta haipatikani. Mwezi uliopita nilifunga hesabu kwa bando la simu, likakata katikati ya kazi. Aliyewahi kupita hapa atuambie alitokaje.

Fundi wa seva
Pole sana mkuu. Proksi ya kawaida imewekwa kwa ajili ya kurasa za wavuti. RDP inatumia poti (mlango wa mtandao) 3389, na ile programu ya Windows haifuati proksi uliyoweka kwenye brauza. Inakwenda moja kwa moja na kugonga ukuta. Hata ukiipitisha kwa nguvu, proksi nyingi zinaruhusu CONNECT, yaani ombi la kufunguliwa njia ya moja kwa moja, kwenda poti 443 tu, ile ya tovuti salama (HTTPS).

Sisi tulitoka kwa RD Gateway, tunaiita geti. Ni seva inayokaa mlangoni kwenu, na mazungumzo yote ya RDP yanafungwa ndani ya HTTPS, poti 443. Proksi inaona kama umefungua tovuti yoyote salama.

Ila siku ya kwanza iligoma. Nilikaa na msimamizi wa mtandao tukasoma rekodi za proksi mstari kwa mstari: kila nikijaribu, inaandikwa 407. Maana yake proksi inadai jina na paswedi, na programu haitoi. Akairuhusu anwani ya geti ipite bila kudaiwa paswedi. Nikabonyeza tena, desktopu hiyo hapo.

Nakusihi kitu kimoja: asije mtu akakushauri 3389 iachwe wazi kwa intaneti nzima. Mei 2019 lilitangazwa tundu la usalama la RDP liitwalo BlueKeep, namba yake CVE-2019-0708. Mvamizi aliweza kuingia kwenye Windows 7 au Server 2008 bila paswedi yoyote. Lilikuwa kubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hadi kwa Windows XP, ambayo ilishaacha kuihudumia tangu 2014.

Dada wa Linux, Mombasa
Mimi napita kwa handaki la SSH, njia iliyofichwa kwa msimbo ya kuingia kwenye seva. Seva yetu inasikiliza SSH kwenye poti 443, na kwenye mipangilio yangu ya SSH nimeandika mstari huu, unaoiambia ipite kwenye proksi kwanza:

ProxyCommand nc -X connect -x proksi:8080 %h %p

Halafu naita ssh -L 3390:10.0.0.5:3389 na jina la seva (10.0.0.5 ni anwani ya desktopu), kisha desktopu naifungua kwa localhost:3390, yaani poti ya mashine yangu mwenyewe. Kuna proksi zinazochungulia ndani na kugundua si HTTPS, zikakata papo hapo. Na jamani, ombeni ruhusa kwa maandishi kwanza. Handaki linapita chini ya ulinzi wa watu, na mwenye mtandao ana haki ya kujua.

Mdau wa Azure
Nyongeza kwa wanaotumia Azure Virtual Desktop, desktopu za Microsoft zilizoko kwenye wingu: yenyewe inapita 443 tangu mwanzo, kwa hiyo wengi hudhani proksi haina neno. Kwetu proksi ilikuwa inafungua HTTPS, inakagua, kisha inafunga upya kwa cheti chake. Watu walikuwa wanatupwa nje ovyo. Microsoft wenyewe wanashauri trafiki hiyo isifunguliwe na proksi. Tulipoiondoa kwenye ukaguzi, malalamiko yakaisha.

Mgeni wa jukwaa
Mimi ilikuwa inafunguka ila nzito, kishale cha mausi kinafika baada ya mkono. Proksi ya HTTP haipitishi UDP, njia ya kutuma data bila kusubiri uthibitisho, kila kitu kinabaki kwenye TCP, inayosubiri uthibitisho. Nilipunguza rangi na kuzima picha ya nyuma, nikapata nafuu.

Mwanzisha uzi
Wakuu, asanteni kutoka moyoni. Kumbe ofisi yetu geti tunalo, hakuna aliyeniambia. Leo nimemwomba kijana wa mtandao wa mteja aangalie rekodi, na ni 407 ileile. Amenipitisha. Haya nayaandika nikiwa ndani ya desktopu. Imebaki printa ya hapa kwa mteja, kule ndani haionekani. Mwenye uzoefu nayo aje.